Jiwe Lililohema Sokoni Uyole

Vijana mnaoanza kazi ya mifugo, mkija hapa kwangu Kihesa kunisalimia, hamjamaliza hata kikombe cha chai mnaniomba niwasimulie lile dume la ng'ombe lililonikimbiza mpaka ndani ya kanisa. Nimelichoka dume hilo. Kila nikilisimulia linazidi kuota pembe. Leo nitawasimulia mnyama mwingine, ambaye ninyi hamkumsoma chuoni na mimi sikumsoma, na ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kuwa Mbeya.

Lakini kwanza mikono. Nilipomaliza chuo na kupangiwa kazi hapa Iringa, nilipokelewa na mzee mmoja Mhehe, Mzee Kiwele, aliyekuwa akitibu mifugo tangu sisi hatujazaliwa. Kabla hujaingia zizini alikuamuru uweke mikono mfukoni. Unasimama hapo kama mgeni aliyekosea nyumba, unamwangalia mnyama tu. Anasimamaje? Anapumuaje? Masikio yameelekea wapi? Anamwogopa nani, na nani anamwogopa yeye?

"Macho yamalize kazi yao kwanza," alikuwa akisema. "Mikono ina haraka, ndiyo maana inaumia."

Mimi nilikuwa na haraka. Siku moja katekista alituita, nguruwe wake amekataa kula. Nikaruka ukuta wa banda sindano mkononi. Sikuangalia. Kumbe nguruwe yule alikuwa amezaa alfajiri ile, watoto wamefunikwa na majani makavu, na mimi nikatua katikati yao. Alinibeba kwa pua akanitumbukiza kwenye hori la machicha ya pombe, kisha akasimama juu yangu kuhakikisha nimeelewa. Nilirudi mjini kwa miguu, maana hakuna mwenye gari aliyekubali kunipakia. Mzee Kiwele hakucheka. Aliniuliza tu, "Hilo koti lako lina mifuko ya nini?"

Jingine ni simu. Mtu akikupigia simu haelezi alichokiona, anaeleza alichokiogopa. Nimewahi kuitwa nikamtoe chatu mtaroni, nikakuta mpira wa ndani wa tairi la lori. Nimeitwa kwa ajili ya simba juu ya bati, nikakuta paka mnene wa rangi ya machungwa, mali ya mapadri, anaota jua na hana habari na mtu. Msiwacheke watu hao. Nendeni. Ukikuta ni paka, mshukuru aliyekuita, kwa sababu siku akiona simba wa kweli unataka akupigie tena.

Basi ndiyo sababu nilikwenda siku ile Ambokile aliponipigia na kuniambia kwamba sokoni Uyole kuna jiwe linapumua.

Miaka yangu ya mwisho kazini nilikuwa Uyole, pale barabara kuu inapoingia Mbeya. Ambokile alikuwa kiongozi wa wapakiaji, wale wanaume wanaopandisha magunia ya viazi kwenye malori. Mtu mrefu, mpole, mwenye sauti nzito, hana kawaida ya kunywa asubuhi. Ndiyo maana nilishangaa.

"Mama Mifugo, njoo upesi," alisema. "Na kama una mtu wa kuomba, anza kuomba huku unakuja. Wameshaleta petroli."

Ilikuwa Julai. Mnaoijua Uyole ya Julai mnajua ukungu wake, ule unaoingia mpaka ndani ya soksi. Nilikuta umati umejaa pale malori yanapoegeshwa, na pembeni, juu ya gunia, amekaa Mama Sekela, muuza viazi, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

Habari yake ilikuwa hivi. Alifika kulipopambazuka, akaona kando ya magunia yake kuna jiwe kubwa la mviringo ambalo jana halikuwepo, limefunikwa nusu na kipande cha turubai. Akadhani wenye malori wameliweka kuzuia tairi. Akakaa juu yake avae mabuti yake ya mvua. Alipokuwa anavuta buti la pili, jiwe likahema. Lilihema kwa muda mrefu, kama mtu aliyechoka sana, na Mama Sekela akanyanyuka kidogo na kushuka kidogo.

"Ee Kyala!" aliniambia, akimtaja Mungu kwa Kinyakyusa. "Mama Mifugo, nimebebwa. Nimekaa juu ya kitu kikanibeba."

Nikapenya katikati ya watu. Nikaweka mikono mfukoni.

Alikuwa kobe. Lakini ninaposema kobe msifikirie yule wa shambani anayekunja miguu mtoto akimshika. Gamba lake lilinipita magoti. Lilikuwa jeusi la kijivu, limechongeka kama mlima ulionyeshewa mvua miaka mingi, na juu yake umande ulikuwa umetulia kama ulivyotulia kwenye mabati. Miguu ya mbele ilikuwa minene kuliko mapaja yangu, ina magamba kama gome la mti. Kichwa alikuwa amekirudisha ndani, macho nusu wazi. Nilimwangalia, na wala sitaki kuwadanganya, nilisahau kwamba mimi ni mtaalamu. Nilisimama tu. Nilikuwa nimefanya kazi na wanyama maisha yangu yote ya utu uzima, na sikujua kama Mungu alitengeneza kitu kama kile.

Nilichojua ni kwamba yuko karibu kufa kwa baridi. Jicho lilikuwa limezama. Pumzi moja, halafu unangoja mpaka unakata tamaa, halafu nyingine.

Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa na chupa ya petroli. Hakuwa mtu mbaya, nataka mlijue hilo. Alikuwa na mtoto mchanga nyumbani mwenye homa, na mtu alikuwa amemwambia kwamba kitu kile kimetumwa. Ukimwona mtu wa namna hiyo usimwite mjinga. Amekuja kumtetea mwanawe.

"Mama, sogea," aliniambia. "Hiki si kitu cha kawaida."

"Kweli si cha kawaida," nikamjibu. "Mimi mwenyewe sijawahi kukiona. Lakini nataka nimjue kwanza. Wewe unaogopa, na mimi naogopa. Tuogope pamoja hapa hapa, mpaka jua litoke."

Watu walianza kunung'unika. Hapo Ambokile akafanya jambo ambalo sitalisahau. Alitandika gunia lake, lile analoweka begani wakati wa kubeba, akalilaza juu ya gamba la yule kobe, kisha akakaa chini kando yake, mgongo wake umeliegemea. Na wapakiaji wake, mmoja mmoja, wakaja wakakaa upande wa pili. Nani angemwaga petroli juu ya Ambokile?

Nikampigia simu Khamis. Tulisoma naye chuo, halafu yeye akarudi kwao Unguja kutibu mifugo. Nikamwonyesha kobe kwa video. Akasogeza uso mpaka ukajaa kioo cha simu.

"Dada Yusta," akasema, "huyo umempata wapi?"

"Uyole. Kando ya viazi."

"Subhanallah. Huyo si wa Bara. Hata huku kwetu si wake, aliletwa na watu wa majahazi zamani. Kwao ni visiwa vya mbali huko baharini. Na kwa ukubwa huo, dada, huenda babu yako alipokuwa hajaoa yeye alishakuwa mtu mzima."

"Yuko baridi, Khamis. Anakufa."

"Basi nisikilize. Usimpe chakula. Akiwa baridi tumbo halifanyi kazi, chakula kitaozea ndani. Mpe joto, lakini polepole, kama unavyomwamsha mgonjwa. Moto msimwekee, utaunguza gamba huku ndani bado barafu. Na hao wanaume wako wasithubutu kumpindua chali. Mapafu yake yako juu, chini ya gamba. Mkimlaza chali, matumbo yote yanayalalia."

Shikeni maneno hayo, hata kama hamtamwona kobe wa namna ile. Mnyama aliyepigwa na baridi, awe ndama, awe mwana-kondoo, joto kwanza, chakula baadaye. Nimeona wafugaji wengi wakiua ndama kwa huruma ya maziwa.

Mama ntilie waliokuwa wakipika chai walileta maji ya moto. Tukayajaza kwenye madumu, tukayafunga kwa mablanketi, tukamzungushia. Wapakiaji wakamnyanyua juu ya mbao, wote kwa pamoja, Ambokile akihesabu kwa sauti yake nzito, wakamsogeza mpaka kwenye ukuta wa mabati unaotazama mashariki. Alipoinuliwa alitoa mlio wa pumzi kali, kama breki za semi-trela, na nusu ya umati ikakimbia mpaka ng'ambo ya barabara. Wapakiaji hawakumwachia. Mmoja alinong'ona, "Pole, mzee, pole," na kuanzia hapo kila mtu akamwita mzee.

Kisha tukangoja. Ukungu ulipasuka taratibu. Jua la Julai Mbeya likishatoka lina nguvu, linachoma ngozi huku kivuli kikikugandisha. Likampata mgongoni. Umande ukaanza kutoa mvuke, na kwa muda gamba lote lilifuka kama shamba lililolimwa alfajiri. Kijana wa bodaboda alikuwa bado ameshika chupa yake, lakini alikuwa ameifunga kifuniko.

Kichwa kikaanza kutoka. Kilitoka polepole sana, shingo ndefu yenye mikunjo ikifuata, na macho yakafunguka. Yalikuwa meusi, yana unyevu, na hayakutuogopa. Ng'ombe akikutazama unaona anataka kitu au anakimbia kitu. Huyu alitutazama kama mtu anayetazama mvua.

Niliweka beseni la maji ya vuguvugu mbele yake. Akazamisha pua, na maji yakaanza kupungua bila mdomo kufunguka. Mama Sekela, aliyekuwa amesogea hatua kwa hatua bila mwenyewe kujua, alipiga kelele.

"Anakunywa kwa pua! Jamani, anakunywa kwa pua!"

Ilikuwa kweli. Khamis aliniambia baadaye kwamba kwao kobe hawa mvua ni chache, maji hukaa kwenye mashimo madogo ya miamba, basi wamejaliwa kuyavuta hivyo mpaka tone la mwisho. Alimaliza beseni zima. Tukaongeza.

"Sasa," Khamis akasema kwenye simu, "msugue shingoni, halafu pale mguu unapokutana na mwili. Kwa upole. Kama ataishi, atakuambia."

Nikatoa mikono mfukoni. Ngozi ya shingo ilikuwa laini kuliko nilivyotegemea, kama pochi kuukuu ya ngozi. Nikasugua kwa vidole viwili. Mwanzoni hakuna kitu. Halafu nikahisi kitu kinasogea chini ya mkono wangu, na watu wote wakavuta pumzi kwa mara moja.

Alisimama. Alinyoosha miguu yote minne, akainuka kutoka ardhini, gamba likapanda, likapanda, mpaka ungeweza kuingiza debe chini ya tumbo lake. Akanyoosha shingo juu kabisa, juu ya kifua changu, akafumba macho. Akabaki hivyo bila kutikisika, jua limempiga usoni, mimi nikiendelea kumsugua na machozi yananitoka mbele ya soko zima.

Bibi mmoja akavua kitambaa cha kichwani. Wanaume wakavua kofia. Sijui ni nani aliyeanza, na hakuna aliyesema tufanye hivyo.

Nilipogeuka, kijana wa bodaboda alikuwa kando yangu.

"Naweza kumgusa?" akauliza.

"Mguse."

Akamsugua kwenye mguu wa nyuma. Kisha akaniomba ushauri kuhusu homa ya mtoto. Nikamwambia mimi ni wa mifugo, apande pikipiki sasa hivi ampeleke mtoto hospitali, na akaondoka. Mtoto alikuwa na nimonia, walimtibu akapona. Siku hizi kijana huyo akinipigia simu huanza kwa kuuliza, "Mzee wetu hajambo?" Ndipo anipe habari za familia.

Nilitoa taarifa ofisi ya wanyamapori, maana mnyama wa namna ile si wa kukaa naye bila kibali, na ninyi pia msijaribu. Akaja bwana mmoja mtulivu, akamzunguka mara kadhaa, akavua miwani, akaivaa tena. Akasema kwa hali ilivyo abaki kwenye ghala letu la chumvi ya mifugo, lenye joto, mpaka ijulikane ametoka wapi. Alidhani dereva fulani alikuwa akimvusha mpakani kwa siri, akaogopa ukaguzi, akamshusha gizani na kuondoka. Dereva huyo hatukumpata.

Mama Sekela ndiye aliyemlisha. Kila asubuhi alileta majani ya kabichi na karoti zilizovunjika, akiongea naye Kinyakyusa. Niliwahi kumsikia akimwomba msamaha kwa kumkalia.

Picha zikasambaa kwenye simu kama mnavyojua. Watu walikuja kutoka Mbeya mjini na nguo zao za Jumapili. Na siku moja nikapigiwa simu na mwanamke, sauti ya utu uzima, Kiswahili chake cha pwani ingawa alisema yuko Iringa.

"Mwanangu, samahani kwa usumbufu. Naitwa Bi Mwanaidi. Huyo kobe, kwenye gamba, upande wa kushoto juu ya mguu wa nyuma, ana alama kama mwezi mwandamo?"

Nikaenda ghalani na simu sikioni. Alama ilikuwepo.

"Ipo, mama."

Sikusikia maneno tena, nilisikia analia.

Alikuja kwa basi kesho yake, mwanamke mwembamba mwenye buibui na koti zito la wanaume juu yake, na papai kwenye mkoba. Tulipofungua mlango wa ghala kobe alikuwa upande wa mbali, ametupa mgongo. Bi Mwanaidi hakumwendea. Alisimama mlangoni akasema, kwa sauti ya kawaida tu, kama anayemwita mtu aje kula:

"Mwinyi. Ushafika huku wewe? Njoo, bwana mkubwa."

Kobe akageuka. Mnyama wa ukubwa ule kugeuka ni kazi, mguu mmoja baada ya mwingine, gamba likikwaruza sakafu. Akavuka ghala lote. Akafika mbele yake, akanyoosha shingo, akaweka kidevu chake kwenye kiganja cha yule mama. Vijana, baadaye nilisoma kwamba wanyama wa namna ile hawana kumbukumbu kama za mbwa au farasi. Nimeyasoma hayo, na nimeyaona haya. Mtachagua wenyewe.

Tulikaa juu ya magunia ya chumvi ya mifugo akanieleza. Babu yake alikuja Iringa na biashara ya nguo kutoka pwani, akiwa na kobe huyu ndani ya kapu, mdogo kama sufuria. Baba yake alizaliwa akamkuta uani, Miyomboni, mjini Iringa. Yeye mwenyewe alijifunza kusimama kwa kushika gamba lake. Baba alipofariki ndugu waliamua kuuza nyumba, na siku yeye amekwenda kwenye arusi Morogoro wakamtoa Mwinyi kwa mtu aliyesema ana bustani ya wanyama ng'ambo ya mpaka.

"Nyumba niliisamehe," alisema. "Nyumba ni matofali. Lakini yeye walimtoa bila hata kumwambia anakwenda wapi."

Nikamuuliza sasa atamweka wapi. Alikuwa amepanga vyumba viwili hapa hapa Kihesa, ua wake unatosha kamba ya kuanikia nguo tu.

Bwana wa wanyamapori alikuwa mtu wa haki. Alimwambia kibali cha zamani cha familia kinaweza kuhuishwa, ila mnyama apate nafasi, majani na joto. Iringa alivumilia miaka yote ile, akasema, lakini kuvumilia si kuishi vizuri. Kama hakuna mahali, itabidi achukuliwe na serikali apelekwe kwenye kituo.

Bi Mwanaidi alilala kwangu. Hakulala, kwa kweli, nilimsikia akizunguka. Asubuhi alikuwa amekwisha kuamua. Mpwa wake, Salim, alikuwa analima vitunguu na nyanya Ruaha Mbuyuni, chini kule bondeni, ambako joto ni la kukaanga yai.

"Nitamwacha kwa Salim," alisema. "Mimi nikifa leo atabaki na nani hapa? Yeye ataishi baada yangu, na baada ya Salim. Afadhali nimpeleke mwenyewe kwa mikono yangu, nimwambie anakwenda wapi."

Salim alikubali, ofisi ikatuma mtu kulikagua shamba, kibali kikatoka. Ambokile akatafuta lori lililokuwa likirudi tupu upande wa Morogoro. Siku ya kuondoka wapakiaji wote waliacha kazi. Walimpandisha kama wanavyopandisha jeneza la mtu mkubwa, taratibu, bila utani. Mama Sekela alirusha kabichi nzima ndani ya lori, akaenda kukaa nyuma ya magunia yake asionekane.

Dereva alitualika mbele, kwenye viti. Bi Mwanaidi alikataa. Basi mimi mtumishi wa serikali niliyekaribia kustaafu nikapanda nyuma ya lori, nikakaa kwenye majani makavu na bibi wa Kiswahili na kobe, tumejifunika turubai moja, tukapita Makambako, tukapita Mafinga, upepo unatukata masikio. Iringa tulisimama kidogo. Majirani wa zamani wa Miyomboni walikuwa wameshapata habari, wakaja barabarani. Mzee mmoja Mhehe mwenye fimbo alipandishwa juu ya lori, akamshika gamba. "Kamwene, Mwinyi," akamsalimia. Akasimama kidogo kama anayengoja kuitikiwa, kisha akaomba ashushwe.

Baadaye tukaanza kuteremka Kitonga. Mnaijua ile milima, kona baada ya kona, malori yakinuka breki. Kadiri tulivyoshuka hewa ilibadilika. Kwanza tulivua turubai, kisha Bi Mwanaidi akavua lile koti. Na Mwinyi, aliyekuwa amejikunja tangu Uyole, akatoa kichwa. Akanyoosha shingo kupita ubavu wa lori, pua juu, akinusa. Alibaki hivyo mpaka chini.

Shamba la Salim liko kando ya barabara ya vumbi, vitunguu vya kijani mpaka macho yanapoishia, na katikati wamechimba bwawa kubwa la kumwagilia. Tulimshusha kwa mbao chini ya kivuli. Nikaanza kumpa Salim maelekezo yangu, majani gani, kivuli wapi, na nikamwonyesha bwawa.

"Jenga uzio hapa kabla ya kitu kingine," nikamwambia. "Huyu ni kobe wa nchi kavu. Na uzito huu, akitumbukia anazama kama jiwe, hakuna wa kumtoa."

Salim alikuwa bado anaitikia alipoangalia nyuma yangu, na uso wake ukabadilika.

Mwinyi alikuwa anatembea. Sijawahi kumwona akitembea vile, bila kusimama, bila kutazama pembeni, moja kwa moja kuelekea majini. Nilikimbia. Salim alikimbia. Wafanyakazi walitupa majembe. Nilimshika ukingo wa gamba kwa mikono miwili nikavuta kwa nguvu zangu zote, na aliniburuta kama mtoto anavyoburuta mdoli, mpaka viatu vyangu vikajaa tope, nikamwachia. Maji yakamfika shingoni. Yakafunika gamba. Nikasikia Bi Mwanaidi nyuma yangu anaita jina lake.

Kisha gamba likaibuka. Lilipanda lenyewe, jeusi, linang'aa, maji yakitiririka pande zote, na likabaki juu. Akainua kichwa juu ya maji kama bwana anayetazama mali yake. Miguu ile mizito iliyokwaruza sakafu ya ghala langu ilikuwa inasogea chini ya maji bila haraka, bila kelele, na alikuwa anaelea. Mnyama aliyewatoa jasho wanaume wa Uyole kumnyanyua alikuwa anakwenda juu ya maji kama jani.

Mfanyakazi mmoja alikaa chini kwenye vitunguu. Mimi nilikuwa na tope mpaka magotini, maelekezo yangu yote ya kitaalamu yakiwa bado mdomoni, na nilihisi kama nimeingia mahali ambapo mtu anapaswa kuvua viatu.

Bi Mwanaidi alikuja akasimama kando yangu. Alimtazama akizunguka bwawa lote, taratibu, macho yamefumba nusu, jua likimpiga kichwani. Alitazama muda mrefu sana. Kisha akanishika mkono, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Babu yangu, baba yangu, na mimi," akasema. "Miaka yote hiyo, Yusta. Tulikuwa tunamwekea karai la maji."